Samora Machel na somo la Nachingwea: kundi huambukizwa moyo wa kiongozi wake

Jina la Samora Machel si geni kwa wasikilizaji wetu wa Nachingwea na Ruangwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi mwaka 1975, Nachingwea ilikuwa na kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji. Enzi hizo Ruangwa ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Nachingwea, kwa hiyo hata Matambarale na vijiji jirani vilikuwa ndani ya wilaya iliyolea jeshi la nchi nyingine. Aliyeliongoza jeshi hilo kwa muda mrefu zaidi ni Samora, ambaye baadaye akawa Rais wa kwanza wa Msumbiji.

Yapo mengi ya kueleza kuhusu vita, silaha na siasa za wakati ule. Katika makala haya tunaangalia jambo lililo karibu zaidi na maisha ya kila siku: hasira, huzuni, woga na matumaini ya kiongozi yanafanya nini ndani ya kundi analoliongoza. Kikundi kinaweza kuwa na katiba nzuri, daftari safi na muhuri, kikavunjika kwa sababu ya hamaki ya mwenyekiti wake. Kingine kinaweza kupata msiba mkubwa na kesho yake kikaendelea na kazi. Samora aliyapitia yote mawili, na mengi kati ya hayo aliyapitia hapa hapa Nachingwea.

Hasira iliyoanzia shambani

Samora Moisés Machel alizaliwa tarehe 29 Septemba 1933 katika kijiji cha Chilembene, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima na wafugaji. Chini ya Wareno, mkulima Mwafrika alilipwa bei ndogo kuliko mlowezi kwa mazao ya aina ile ile. Miaka ya 1950 familia yake iliondolewa kwenye ardhi nzuri ya bonde la mto Limpopo ili walowezi kutoka Ureno wapewe mashamba. Kama familia nyingi za kusini mwa Msumbiji, ndugu zake walitafuta fedha kwenye migodi ya Afrika Kusini.

Alisoma shule za misheni ya Kikatoliki, kisha akafunzwa uuguzi katika hospitali ya Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo. Hapo aliona tena jambo lile lile kwa sura nyingine: muuguzi mweusi alipata mshahara mdogo kuliko muuguzi mzungu, ingawa vidonda walivyosafisha vilikuwa vile vile.

Tunaanza na habari hizi kwa sababu hasira ya Samora ilikuwa na mizizi. Mtu aliyenyang'anywa shamba ana haki ya kukasirika. Swali linalomkabili kila kiongozi wa watu wenye malalamiko ni hili: hasira hiyo ataipeleka wapi? Akiiacha ikae moyoni bila kazi, itageuka kinyongo. Akiiachia bila mpaka, itamwangukia yeyote aliye karibu.

Mwaka 1963 Samora alitoroka Msumbiji, akapitia Botswana ya leo hadi Dar es Salaam. FRELIMO ilikuwa imeundwa hapo tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu, chini ya uongozi wa Dk. Eduardo Mondlane. Muuguzi huyo aliomba kuwa mpiganaji. Alipelekwa Algeria kwa mafunzo ya kijeshi, na aliporudi alipangiwa kazi katika kambi ya Kongwa, Dodoma. Vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964, huko Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma.

Kambi ya watu wasiojuana

Kambi ya Nachingwea ilikuwa katika eneo la Farm 17, jina lililobaki tangu enzi za mpango wa karanga wa Waingereza. Mpango huo ulianza mwaka 1947 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, na serikali ya Uingereza iliuacha mwaka 1951 baada ya kupoteza fedha nyingi sana. Matrekta yalikuwepo na wataalamu walikuwepo, lakini waliopanga hawakuijua ardhi wala kuwasikiliza waliokuwa wakiishi juu yake. Juu ya mabaki ya mradi huo, FRELIMO ikajenga shule ya wapiganaji.

Waliofika hapo hawakuwa kundi moja. Walikuwepo Wamakonde na Wamakua wa kaskazini, Wanyanja na Wayao wa Niassa, watu wa Tete na wa Beira, na Washangana wa kusini kama Samora mwenyewe. Wengine hawakuelewana kwa lugha. Wengine walikuja na dharau: huyu amesoma, yule hajasoma, hawa wanatoka kusini, wale ndio wenye vita. Kila mmoja alikuja na uchungu wake, akiamini kuwa hakuna aliyeumizwa kama yeye.

Njia mojawapo iliyotumika ilikuwa rahisi, na hata kikundi cha leo kinaweza kuitumia. Waliofika walisimulia mbele ya wenzao maisha yao na mateso yao chini ya ukoloni. Wa kaskazini alieleza kulazimishwa kulima pamba, wa kusini akaeleza habari za migodini. Kwa kusikilizana waligundua kwamba adui yao alikuwa mmoja. Uchungu wa mtu mmoja ukageuka kuwa uchungu wa wote, na dharau ikaanza kupungua.

Njia ya pili ilikuwa kazi ya pamoja. Kambi ililima chakula chake. Samora alisisitiza kwamba makamanda wajifunze kuishi kama wapiganaji wa kawaida, na kwamba jembe halimshushi mtu cheo. Kambi ilichanganya makabila, na Kireno kilitumika kama lugha ya wote, ingawa kilikuwa lugha ya mtawala, kwa sababu hakikuwa cha kabila lolote kati yao.

Njia ya tatu ilikuwa wimbo. Samora alijulikana kote kwa kuanza mikutano kwa kuimbisha. Aliimba yeye kwanza, umati ukaitikia, ndipo akahutubia. Wataalamu wa saikolojia wana maelezo ya jambo hili: hisia huambukiza. Watu wanaoimba pamoja, wanaopiga hatua pamoja au wanaolima kwa mkupuo mmoja huanza kujisikia kitu kimoja kabla hata hawajakubaliana kwa maneno. Na macho yao hubaki kwa kiongozi: akiwa mtulivu nao hutulia, akihamaki nao huhamaki.

Mwaka 1967 kambi ilipokea wasichana wa kwanza wa kikosi cha wanawake, 25 kwa idadi. Wanaume wengi hawakufurahi. Wapo walioona aibu kufundishwa pamoja na wanawake, na walikuwepo wazazi walioogopa. Samora, ambaye tangu mwishoni mwa 1966 alikuwa mkuu wa jeshi baada ya kifo cha Filipe Magaia, aliunga mkono kikosi hicho. Wasichana hao walibeba silaha na vyakula kuvuka Ruvuma, walihudumia watoto na kuwahamasisha wanavijiji. Mmoja wao alikuwa Josina Muthemba.

Msiba wa Februari 1969

Tarehe 3 Februari 1969, Dk. Mondlane aliuawa jijini Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kwake kama kifurushi. FRELIMO ilikuwa tayari imepasuka. Mwaka uliotangulia kulikuwa na fujo katika shule na ofisi zake jijini Dar es Salaam. Desemba 1968 kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa karibu na Ruvuma, na lawama zikawaangukia wafuasi wa Lázaro Kavandame, mwenyekiti wa chama wa Cabo Delgado. Muda mfupi baada ya kifo cha Mondlane, Kavandame alijisalimisha kwa Wareno na kuwaita Wamakonde waache vita.

Hebu tufikirie hali hiyo ndani ya kundi. Kiongozi mpendwa ameuawa na hakuna anayejua kwa hakika nani alisaidia. Mwenzako wa jana leo yuko upande wa adui. Wa kaskazini wanawatazama wa kusini, na wa kusini wanawatazama wa kaskazini. Huzuni ya namna hiyo hutafuta mtu wa kulaumiwa upesi.

Chama kilichagua kuongozwa na watu watatu: Uria Simango aliyekuwa makamu wa rais, Marcelino dos Santos, na Samora. Uongozi huo haukudumu. Novemba 1969 Simango alitoa waraka wa kuwashutumu wenzake hadharani, akaondolewa. Mei 1970 Samora akawa rais wa FRELIMO.

Wiki chache baadaye Wareno, wakiongozwa na Jenerali Kaúlza de Arriaga, walianzisha mashambulizi makubwa kaskazini mwa Msumbiji kwa jina la Nó Górdio. Waliteka kambi kadhaa, lakini jeshi la FRELIMO halikusambaratika. Wapiganaji waligawanyika katika vikundi vidogo, na vita vikapamba moto upande wa Tete. Katika miezi hiyo ilionekana thamani ya mazoea ya Nachingwea. Watu waliokwisha kuzoea kulima, kuimba na kusimuliana waliweza kubaki pamoja bila kusubiri mtu mmoja awaambie la kufanya.

Msiba mwingine ukamfuata Samora nyumbani kwake. Mei 1969 alikuwa amefunga ndoa na Josina, katika kituo cha elimu cha FRELIMO huko Tunduru. Josina aliongoza idara ya mambo ya jamii ya chama na kuhangaikia malezi ya watoto wa vita. Aliugua, lakini aliendelea na safari zake. Alifariki tarehe 7 Aprili 1971 jijini Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka 25, akaacha mtoto mdogo wa kiume. Alizikwa Kinondoni.

Samora hakujificha kwamba ameumia. Wala hakutumia msiba wake kudai wenzake wanyamaze. FRELIMO iliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya wanawake wa Msumbiji, na mpaka leo huadhimishwa kila mwaka. Huzuni ya mtu ilipewa mahali pake na siku yake, na watu wengi wakapata nafasi ya kuibeba pamoja naye.

Kumzuia mpiganaji asilipize kisasi

Jaribio gumu kuliko yote lilihusu Wareno wenyewe. Wapiganaji wengi walikuwa wamechomewa vijiji na kuuliwa ndugu. Samora alisisitiza mara nyingi kwamba adui ni mfumo wa ukoloni, na kwamba mtu hahukumiwi kwa rangi ya ngozi yake. FRELIMO ilikuwa na sera ya kutowaua mateka, na mara kadhaa iliwaachia huru.

Agosti 1974, miezi michache baada ya serikali ya kidikteta ya Ureno kupinduliwa, askari wa Kireno zaidi ya 100 waliokuwa katika kambi ya Omar, kusini mwa Ruvuma, walitekwa na kuvushwa hadi Tanzania. Baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini mjini Lusaka tarehe 7 Septemba 1974, waliachiwa. Vijana wenye bunduki na sababu za kulipiza kisasi walikuwa nao mikononi, wakawaacha wakiwa hai. Nidhamu kama hiyo haizaliwi kwa siku moja. Hujengwa na kanuni iliyowekwa wakati vichwa vimetulia, ikarudiwa mpaka ikawa tabia.

Upande wa pili wa Nachingwea

Tungeishia hapo, tungekuwa tumewasimulia nusu ya habari. Kambi ile ile iliyowahurumia mateka wa Kireno ilishindwa kuwahurumia Wamsumbiji waliopingana na viongozi wake.

Mwaka 1975, kabla ya uhuru, Uria Simango, Kavandame, Joana Simeão na wengine waliohesabiwa kuwa wasaliti waliletwa Nachingwea. Walisimamishwa mbele ya umati wa wapiganaji, wakasoma maungamo yao. Hapakuwa na hakimu asiyefungamana na upande wowote, wala wakili. Walioumizwa na ugomvi wa 1969 ndio hao hao walioshtaki na kuamua. Baadaye watu hao walipelekwa kwenye kambi za Niassa, wakauawa bila kufikishwa mahakamani. Celina Simango, mke wa Uria, naye aliuawa. Familia zao hazikukabidhiwa miili ya kuzika.

Kwa nini huruma iliwafikia wageni, ikawakosa wenyeji? Jibu letu ni kwamba kwa mateka wa Kireno kulikuwa na kanuni iliyotangulia hasira. Kwa ndugu aliyesaliti hapakuwa na kanuni ya namna hiyo, kulikuwa na kidonda. Usaliti wa mtu wa karibu huuma kuliko uadui wa mbali, na kiongozi aliyeumizwa huona kila upinzani kuwa muendelezo wa jeraha lile la kwanza. Na kundi lililozoea kufuata moyo wa kiongozi humfuata hata anapokosea. Sauti zile zilizoitikia nyimbo kwa pamoja ziliweza pia kuitikia hukumu kwa pamoja. Umoja ulikuwepo, lakini nafasi ya mtu mmoja kusimama na kusema hapana ilikuwa finyu.

Rais mwenye mioyo miwili

Mei 1975 Samora alivuka Ruvuma na kusafiri nchi nzima kutoka kaskazini hadi Maputo, akihutubia na kuimba na watu. Uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni 1975.

Mvutano ule wa Nachingwea ulimfuata hadi ikulu. Alipotembelea hospitali na maghala aliuliza maswali makali, na uzembe ulimkasirisha hadharani. Novemba 1981 alitoa hotuba nzito kulaani askari, polisi na maofisa usalama waliotesa na kudhulumu raia. Si marais wengi waliowahi kukemea vyombo vyao namna hiyo. Lakini mwaka 1983, nchi ikiwa katika vita na njaa, serikali yake ilirudisha adhabu ya viboko na kuendesha operesheni ya kuwaondoa mijini watu walioitwa wasio na kazi. Maelfu walipelekwa Niassa, wengi bila maandalizi.

Machi 1984 alifanya jambo lililowashangaza wengi. Alikaa meza moja na P. W. Botha, kiongozi wa serikali ya makaburu iliyokuwa ikiwasaidia waasi wa RENAMO, akatia saini mkataba wa Nkomati. Wafuasi wake na marafiki wa nchi jirani walisononeka. Yeye alimeza hasira akitafuta amani kwa watu waliokuwa wakifa. Afrika Kusini haikuheshimu mkataba huo ipasavyo, lakini uamuzi ule unaonyesha mtu aliyeweza kuiweka kando hasira alipoona gharama yake.

Tarehe 19 Oktoba 1986, ndege iliyomrudisha kutoka Zambia ilianguka Mbuzini, ndani ya ardhi ya Afrika Kusini. Samora na watu wengine zaidi ya 30 walikufa. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Somo kwa vikundi vyetu

Wasikilizaji wetu hawaongozi majeshi. Wanaongoza AMCOS za korosho na ufuta, vikundi vya kuweka na kukopa, kamati za maji na kamati za shule. Hata hivyo, hisia ni zile zile. Malipo ya korosho yakichelewa, hasira hupanda. Mweka hazina akishukiwa, minong'ono huanza. Mwanachama akihamia kikundi kingine, huitwa msaliti.

Katika maisha ya Samora tunapata mambo matatu ya kushika.

La kwanza, hisia za watu zipewe nafasi mapema. Kikao kikianza kwa kumsikiliza kila aliyeumia, kwa zamu na bila kukatizwa, wengi hugundua kwamba tatizo lao ni moja. Kinachofichwa chini ya mkeka hurudi kama ugomvi wa ukoo au wa kitongoji.

La pili, kazi ya pamoja huponya kuliko hotuba. Mwenyekiti anayebeba gunia pamoja na wanachama wake hana haja ya kuwakumbusha kwamba yeye ni mwenzao.

La tatu, na ndilo zito zaidi, kanuni zitangulie hasira, na aliyeumizwa asiwe hakimu. Wekeni utaratibu wa kushughulikia tuhuma wakati hakuna anayetuhumiwa. Mkutano ukichemka, ahirisheni uamuzi wa kumfukuza mtu hadi siku nyingine. Mwiteni mtu wa nje, kwa mfano ofisa ushirika wa wilaya, asikilize pande zote. Mwanachama mmoja anayepinga wakati wote wanapiga makofi asizomewe, kwa sababu huenda ndiye anayewaepusha na jambo mtakalolijutia miaka mingi.

Nachingwea ilimpa Samora jeshi lililokubali kumwacha adui akiwa hai. Nachingwea hiyo hiyo iliona ndugu wakihukumiwa na umati. Watu walikuwa wale wale na kiongozi yule yule. Tofauti ilikuwa kama palikuwepo kanuni kabla hasira haijafika.